Mlinganyo Mmoja, Ahadi Tatu

Chukua mlinganyo y = 2x + 3. Anayesoma aljebra hukutana nao walau mara tatu, na kila mara unamjia na msamiati wake. Mara ya kwanza anaambiwa hii ni fanksheni, kwamba x ni kigeu huru na y ni kigeu tegemezi. Mara ya pili anaonyeshwa namba 5, 7, 9, 11 na kuambiwa huu ni mfuatano wenye tofauti isiyobadilika. Mara ya tatu anapewa grafu yenye nukta zilizotapakaa kama punje zilizomwagika, anapewa na rula, anaagizwa achore mstari unaozifaa nukta hizo kuliko mistari mingine. Anachora, anakokotoa, jibu linatoka: y = 2x + 3.

Herufi zilezile, namba zilezile. Walimu wengi hulifurahia jambo hili na kulitoa kama ushahidi kwamba hisabati ni moja. Ni kweli, ukokotoaji ni mmoja. Lakini mlinganyo ule hausemi kitu kimoja mahali pote patatu. Kwenye fanksheni ni kanuni: nipe x, nami nitakupa y, hakuna mjadala. Kwenye ruwaza ya namba ni dhana: hizi nilizoziona zinafuata utaratibu huu, na nadhani zijazo zitaufuata pia. Kwenye data ni suluhu, kama ya wagombanao: pengine hakuna hata nukta moja iliyokaa juu ya mstari, ila mstari huu ndio uliokosana nazo kidogo kuliko mingine yote.

Kanuni, dhana, suluhu. Ni ahadi tatu zenye uzito tofauti kabisa, zimevishwa kanzu moja. Ninachodai hapa ni kwamba msamiati wetu wa aljebra, kwa namna unavyofundishwa, unataja sehemu za kanzu, yaani kola, mikono na vifungo, bila kusema aliyeivaa ni nani. Mtu anaweza kuyajua maneno yote ya sura hizo tatu, akafaulu mtihani vizuri tu, na bado asijue ni lini mlinganyo unamwamuru na ni lini unamnong'oneza.

Fanksheni ndiyo yenye ahadi nzito, kwa hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa rahisi kuieleza. Haijawa hivyo, na jina lina sehemu yake ya lawama. Kiswahili kimejaribu njia kadhaa. Wapo waliotafsiri moja kwa moja wakasema "kazi", na papo hapo "kazi ya x" ikaanza kusikika kana kwamba x ameajiriwa. Wapo wanaopenda "uamilifu", neno ambalo wanaisimu wamelizoea, ila kwa mwanafunzi wa aljebra ni fumbo la pili kabla hajafumbua la kwanza. Mimi niko upande wa "fanksheni". Ni neno la kigeni na halifichi ugeni wake. Anayelisikia hana namna ya kujidanganya kwamba tayari analijua, itabidi aulize.

Na akiuliza ajibiwe nini? Hapo nako maana imehama nyumba mara kadhaa. Mwanahisabati Leibniz alilitumia neno hilo mwaka 1673 kwa vipimo vilivyofungamana na mstari uliopinda. Mwaka 1718 Johann Bernoulli akalipa maana ya kiasi kilichoundwa, kwa njia yoyote ile, kutokana na kigeu na namba zisizobadilika. Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, akaifanya fanksheni kuwa fomula. Dirichlet mwaka 1837 akaivua fomula hiyo: kinachotakiwa ni kwamba kila x iwe na y yake moja, basi, iwe kuna fomula ya kuiandika au hakuna.

Madarasa mengi yamebaki na Euler. Mwulize mwanafunzi fanksheni ni kitu gani, atakwambia ni fomula yenye x ndani yake. Anapoletewa jedwali tupu la jozi za namba anatafuta fomula imekwenda wapi. Ilhali fanksheni zisizo na fomula zimetuzunguka. Kila mtu ana tarehe moja ya kuzaliwa. Kwa hiyo kutoka mtu kwenda tarehe ni fanksheni. Geuza mshale, utoke kwenye tarehe uende kwa mtu, na ahadi inavunjika, kwa kuwa tarehe moja ina watu chungu nzima. Katika mfano huo mdogo ufafanuzi wa Dirichlet umo wote, na hakuna x wala y iliyotajwa.

Mfano unaopendwa zaidi ni ule wa mashine: ingiza huku, pokea kule. Unasaidia siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba mashine huchakaa na kukosea, na fanksheni haikosei. Angalia kanuni ya kubadili nyuzi za Selsiasi kuwa za Farenhaiti: F = 1.8C + 32. Sifuri inakuwa 32, mia moja inakuwa 212, na kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri vipimo vyote viwili vinasoma namba ileile. Hakuna kipimajoto kinachoweza kuukanusha mlinganyo huu. Kikitofautiana nao, kipimajoto ndicho kibovu. Hiyo ndiyo maana ya ahadi ya kanuni: mgogoro ukitokea kati ya fomula na ulimwengu, fomula ndiyo inayoshinda, kwa sababu ni makubaliano yetu wenyewe.

Herufi x nayo ina nyuso mbili, na watoto huzichanganya kwa haki kabisa. Katika 3x = 12, x haibadiliki hata kidogo; ni namba moja iliyojificha, ni 4 tangu mwanzo, sisi ndio tuliokuwa hatuijui. Katika y = 2x + 3, x inatembea. Descartes alipozipa herufi za mwisho wa alfabeti kazi ya kusimamia visivyojulikana, mwaka 1637, na zile za mwanzo kusimamia vinavyojulikana, alikuwa anawaza zaidi juu ya x ya aina ya kwanza. Sisi tunaziita zote "kigeu", na neno hilo lina ndugu yake, "kigeugeu", ambaye hana sifa njema. Mwanafunzi anayeambiwa atafute thamani ya kigeugeu ana sababu ya kutilia shaka zoezi zima. Ingekuwa heri ile ya kwanza tukaiita tu "kisichojulikana". Halafu kuna f(x), alama tuliyorithi kwa Euler: baada ya miaka ya kufundishwa kwamba mabano yaliyogusana na herufi maana yake ni kuzidisha, siku moja unaambiwa hapa usizidishe. Hakuna anayeomba radhi.

Kwa kupita tu: jina lenyewe aljebra linatokana na al-jabr, neno alilolitumia al-Khwarizmi mwanzoni mwa karne ya tisa, lenye maana ya kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama anavyofanya mwunga mifupa. Ni neno zuri. Unaliona kosa, au pengo, unaliunga. Sijui kwa nini tuliacha kuwaambia wanafunzi hivyo.

Sasa ile 2 ya katikati. Namba hii ina majina mengi kupita kiasi. Kwenye grafu ni mteremko. Kwenye mfuatano ni tofauti. Kwenye maelezo ya fanksheni ni kiwango cha badiliko. Kwenye mlinganyo wenyewe ni kizidishi cha x. Yote hayo yanajibu swali moja tu: nikipiga hatua moja huku, kule kunabadilika kiasi gani? Tofauti ya mfuatano na mteremko wa mstari ni chanda na pete, lakini kwa kuwa vimewekwa katika sura mbili zilizoachana, wengi humaliza masomo bila kuwahi kuviona pamoja.

Na katika majina hayo manne, "mteremko" ndilo linalonikera. Kwa Kiswahili cha kila siku mteremko ni kwenda chini. Anayepanda mlima hasemi yuko kwenye mteremko. Tukisema jambo fulani ni mteremko tunamaanisha ni rahisi, linakwenda lenyewe. Kisha kitabu kinachora mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia na kuandika chini yake kwamba mteremko ni chanya. Mtoto mwenye sikio zuri la lugha yake atasita hapo, na kusita kwake tutakuita udhaifu wa hesabu. Dhana hii inahitaji neno lisilo na upande, likaiachia alama ya kujumlisha au ya kutoa ndiyo iseme kama tunapanda au tunashuka. "Kiwango cha badiliko" ni refu, nakubali, lakini linafanya kazi kwenye jedwali, kwenye mfuatano, kwenye grafu na kwenye data bila kubadili nguo.

Ile 3 nayo ina kisa. Kwenye grafu ni pale mstari unapoukata mhimili wima. Kwenye mfuatano haionekani kabisa, kwa sababu mfuatano unaanza na 5. Ile 3 ni namba ya nafasi ya sifuri, iliyo nyuma ya mlango, ambayo hakuna aliyeiandika. Ndiyo maana wengi wakiulizwa fomula ya 5, 7, 9, 11 huandika 2n + 5 badala ya 2n + 3, n ikiwa ni nafasi ya namba katika mfuatano. Wameichukua namba ya kwanza kuwa ndiyo mwanzo, jambo ambalo kwa lugha ya kawaida halina kosa.

Tofauti nyingine hupitwa kimyakimya. Mfuatano una namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hauna namba ya nafasi ya moja na nusu. Mwanafunzi anapoziweka nukta zake kwenye grafu na kuziunganisha kwa rula, amejaza nafasi ambazo hazikuwapo. Ni uongo mdogo, lakini ndio unaomfanya asione kwamba ametoka kwenye mfuatano na kuingia kwenye fanksheni nyingine yenye eneo pana zaidi, yaani inayoruhusu x nyingi zaidi. Kuhusu "mfuatano" na "mfululizo" sitasema mengi: la pili tumelifanya limaanishe jumla ya namba zinazofuatana, na hakuna kitu ndani ya neno hilo kinachodokeza kujumlisha. Mvua ya siku tatu mfululizo haijajumlishwa na mtu.

Swali la "namba gani inafuata?" ndilo linalofunua ahadi ya pili vizuri kuliko yote. Limejaa kwenye mitihani na kwenye vipimo vya akili, na kwa maoni yangu si swali la haki. 5, 7, 9, kisha? Mtahini anataka 11. Lakini fomula 2n + 3 + (n − 1)(n − 2)(n − 3) nayo inatoa 5, 7 na 9 bila kosa, kisha inatoa 17. Ukibadilisha kizidishi cha kile kipande cha mwisho unaweza kuifanya namba ya nne iwe yoyote uitakayo. Aliyejibu 17 hajakosea hesabu. Amekosea kubahatisha mawazo ya mtahini. Swali lingekuwa la haki kama lingeuliza: kwa kanuni gani rahisi unaweza kuzieleza namba hizi, na kwa kanuni hiyo ipi inafuata?

Hili si chezo la maneno. Weka nukta kwenye mzingo wa duara, ziunganishe zote kwa mistari iliyonyooka, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, kisha hesabu vipande vilivyokatwa ndani. Nukta moja, kipande kimoja. Mbili, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Kufikia hapo kila mtu ameshaandika 32 kwenye karatasi. Nukta sita zinatoa 31. Hakuna kosa la kuhesabu; kanuni ya kweli haikuwa kuzidisha kwa mbili hata siku moja, ilifanana nayo tu kwa hatua tano. Euler naye alionyesha kwamba n² + n + 41 inatoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Mara arobaini mfululizo. Kwenye 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41.

Kisa kikubwa kuliko vyote cha ruwaza iliyojifanya kanuni kiko angani. Mwaka 1766 Johann Titius aliandika utaratibu wa namba ambao Johann Bode aliutangaza kuanzia mwaka 1772. Anza na 0, kisha 3, halafu endelea kuzidisha kwa mbili: 6, 12, 24, 48, 96. Ongeza 4 kwa kila moja, gawanya kwa 10. Unapata 0.4, 0.7, 1.0, 1.6, 2.8, 5.2, 10.0. Sasa pima umbali wa sayari kutoka kwenye Jua, ukichukua umbali wa Dunia kuwa 1. Utaridi 0.39, Zuhura 0.72, Dunia 1, Mirihi 1.52. Ruka moja. Mshtarii 5.20, Zohali 9.5. Mwaka 1781 William Herschel akagundua Uranus, sayari ambayo Titius hakuijua, ikiwa kwenye 19.2, namba inayofuata katika ruwaza ni 19.6.

Ni nani asingeshawishika? Wanafalaki wakaanza kuitafuta sayari iliyokosekana kwenye 2.8. Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo, aliona nukta ya mwanga inayosogea kati ya nyota. Aliiita Ceres. Umbali wake ni 2.77. Kama kuna siku ruwaza ya namba ilionekana kuwa sauti ya ulimwengu wenyewe, ni siku hizo. Watu wakawa wanaiita sheria ya Bode, na jina hilo ndilo ninalolizungumzia tangu mwanzo: neno "sheria" liliipandisha dhana cheo, ikawa kanuni bila kufanya mtihani. Neptuni ilipogunduliwa mwaka 1846, ruwaza iliisubiri kwenye 38.8. Sayari ilikuwa 30.1. Hakuna aliyeweza kusema kosa liko wapi ndani ya utaratibu ule, kwa sababu hapakuwa na sababu yoyote ndani yake ya kukosoa. Ulikuwa umbo la namba lisilo na kisa nyuma yake.

Ceres hiyohiyo ndiyo inayotuvusha hadi ahadi ya tatu. Piazzi aliifuatilia kwa takriban wiki sita tu, kisha ikamezwa na mng'ao wa Jua. Kipande cha njia alichokiona kilikuwa kifupi mno, na kila kipimo kilikuwa na kosa lake dogo. Carl Friedrich Gauss, wakati huo akiwa na miaka 24, alivichukua vipimo hivyo na kukokotoa mahali ambapo Ceres ingeonekana tena. Tarehe 31 Desemba 1801 Franz von Zach aliielekezea darubini huko, akaikuta. Angalia tofauti ya roho ya kazi hizi mbili. Ruwaza ya Bode ilidai namba zinasema kweli. Gauss alianza kwa kukubali kwamba kila namba mbele yake ina kosa kidogo, akauliza ni njia gani inayoweza kuishi na makosa hayo yote kwa pamoja.

Mbinu ya kufanya hivyo kwa utaratibu, ya miraba midogo kabisa, aliyeichapisha kwanza ni Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, katika nyongeza ya kitabu kuhusu njia za vimondo vyenye mkia. Gauss akaandika mwaka 1809 kwamba alikuwa akiitumia tangu 1795, na ugomvi wao ukawa mrefu. Tuwaache. Mbinu yenyewe inaeleweka kwa nukta nne: (1, 2), (2, 3), (3, 5), (4, 6). Wastani wa x ni 2.5, wa y ni 4. Ukikokotoa, mstari unatoka y = 1.4x + 0.5. Kwenye x hizo nne mstari unasema 1.9, 3.3, 4.7 na 6.1. Toa kila moja kwenye y halisi: mabaki ni 0.1, −0.3, 0.3 na −0.1. Yakijumlishwa ni sifuri, maana ya juu yamefutana na ya chini, ndiyo sababu tunayapiga mraba kwanza: 0.01, 0.09, 0.09, 0.01, jumla 0.20. Hakuna mstari mwingine ulionyooka utakaokupa jumla ndogo kuliko hiyo.

Sasa tazama tena. Nukta nne, mstari "bora", na hakuna nukta hata moja iliyo juu yake. Kama ingekuwa fanksheni ya ahadi ya kwanza, tungeitupa kwa kukosea mara nne kati ya nne. Neno "bora" ndilo linalotupumbaza hapa. Bora kwa kigezo gani? Kwa kuifanya jumla ya miraba ya mabaki iwe ndogo, si zaidi ya hapo. Bora kati ya nini? Kati ya mistari iliyonyooka pekee. Ukichagua kigezo kingine, kwa mfano jumla ya mabaki yenyewe bila kujali alama, unaweza kupata mstari mwingine, nao utakuwa bora kwa kigezo chake.

Ushahidi mkali zaidi uliletwa na Francis Anscombe mwaka 1973. Alitunga makundi manne ya data, kila moja lenye nukta 11. Katika yote manne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, na mstari wa miraba midogo ni y = 3 + 0.5x. Hata kipimo cha jinsi x na y zinavyokwenda pamoja ni kilekile, 0.816 hivi. Yachore. La kwanza ni wingu la kawaida linalopanda. La pili limepinda kama upinde, wala halihitaji mstari ulionyooka. La tatu nukta zake zimenyooka kama uzi isipokuwa moja iliyoruka juu na kuuvuta mstari wote. La nne nukta kumi zimesimama wima kwenye x moja, na nukta moja ya mbali ndiyo inayoubuni mteremko mzima peke yake. Mlinganyo mmoja, na nilipoanza nilisema ahadi tatu. Anscombe anatuonyesha kwamba hata ndani ya ahadi ya tatu kuna hadithi nne, na tatu kati yake mlinganyo umezipotosha.

Jina "regresheni", ambalo mbinu hii ya kuchora mstari huitwa, nalo lilifika hapa kwa ajali. Francis Galton mwaka 1886 alichapisha uchunguzi wa vimo vya watu wazima 928, watoto wa jozi 205 za wazazi. Waliozaliwa na wazazi warefu walikuwa warefu, lakini umbali wao kutoka kwenye wastani ulikuwa kama theluthi mbili ya ule wa wazazi wao. Aliona vimo "vinarejea" kuelekea wastani, akalipa jambo hilo jina la kurejea. Jina lilikuwa la tabia ya vimo. Likaja kushikamana na mbinu ya kuchora mstari, hata pale ambapo hakuna kinachorejea popote. Wanaolitafsiri kwa Kiswahili kuwa "urejeo" wanatafsiri kwa uaminifu kosa la mwaka 1886. Ningependelea "mstari wa ukadiriaji", kwa sababu kukadiria ndiko unakofanya.

Kutoka kwa Galton tunapata pia kipimo kizuri cha kutofautisha ahadi. Fanksheni y = 2x + 3 unaweza kuigeuza: x = (y − 3) ÷ 2, na hujapoteza kitu. Mstari wa ukadiriaji haugeuziki hivyo. Katika nukta zetu nne, ukitaka kukadiria x pale y ilipo 6, kuugeuza mlinganyo wa mwanzo kunakupa 3.93; lakini mstari uliokokotolewa upya kwa ajili ya kukadiria x, yaani x = 0.7y − 0.3, unakupa 3.9. Tofauti ni ndogo kwa kuwa nukta zetu zimekaribiana na mstari. Zikitawanyika, mistari hiyo miwili inaachana kama mkasi uliofunguliwa. Alama ya usawa ni ileile katika milinganyo yote miwili, lakini haina nguvu ileile.

Makosa ya kuuchukua mkadirio kama kanuni hayafanywi na wanafunzi peke yao. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya watafiti waliochora mistari miwili ya nyakati za washindi wa mita 100 katika Olimpiki, mmoja wa wanaume na mwingine wa wanawake. Mistari hiyo ilikuwa inakaribiana, ikakutana, na makala ikaeleza kwamba katika michezo ya mwaka 2156 mshindi wa kike angeweza kukimbia kwa sekunde 8.079 na wa kiume kwa 8.098. Wasomaji hawakuchelewa kujibu. Mstari unaoshuka hauna sababu ya kusimama. Uache uendelee na mkimbiaji atafika kabla hajaanza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna anayesoma mawingu ya leo akatangaza mvua ya karne ijayo kwa usahihi wa elfu ya sekunde. Zile desimali tatu ni za ahadi ya kwanza, na zilikuwa zimekaa ndani ya ahadi ya tatu.

Kinachonisikitisha ni kwamba dawa ipo, na ni ya bei ya kalamu. Wanatakwimu huweka kijialama juu ya y, kama paa dogo, na wanakiita kofia. y isiyo na kofia ni ile iliyopimwa. Y yenye kofia ni ile iliyokadiriwa na mstari. Darasani kofia hiyo huvuliwa mapema, kwa maelezo kwamba inawachanganya wanafunzi. Rudi kwenye nukta zetu nne, usimame kwenye x = 3. Aliyepima aliandika y = 5. Mstari unasema y = 4.7. Bila kofia, sentensi hizo mbili zitakaa jirani kwenye daftari moja, na mwanafunzi makini atanyosha mkono kuuliza ni ipi ya kweli.